Bosi kahamia Morogoro, anataka nimwangalizie mbwa kwa bei ya Msasani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Mwananyamala. Kazi yangu ni kuangalia mbwa na paka wa watu wanaposafiri. Niliingia bila kupanga: nilikuwa nafanya usafi kwenye nyumba moja Msasani, wenyewe wakawa wakisafiri wananiachia mbwa, jirani akaona, naye akaniita. Sasa nina wateja wa kudumu Msasani, Mikocheni na Masaki. Naenda asubuhi na jioni, nalisha, nabadilisha maji, natembeza mbwa, nasafisha banda au mchanga wa paka, natuma picha WhatsApp, naondoka. Nyumba moja natoza 20,000 kwa siku. Mteja akitaka nilale ni 35,000, ila mchana niko huru kuzungukia nyumba nyingine.

Sasa wale wa kwanza kabisa, waliokuwa mabosi wangu wa usafi, wamehamia Morogoro tangu mwanzoni mwa mwaka. Wana mbwa wawili wakubwa, na paka mzee anayepewa vidonge mara mbili kwa siku. Juzi mama kanipigia. Krismasi wanaenda Mbeya kwa wazazi, wanaondoka asubuhi ya tarehe 21 Desemba na kurudi jioni ya tarehe 2 Januari. Wananitaka mimi, hawataki mtu mwingine, kwa sababu wanyama wananijua. Nilipouliza malipo akasema, "Si ile ile 20,000 yako? Tena kwetu utalala bure na kula bure, friji nakujazia." Akaongeza kwamba nitamwagilia na bustani, na tarehe 28 kuna fundi wa tanki la maji atakuja, nimfungulie.

Shangazi, Desemba ndiyo msimu wangu. Wateja watatu wa Dar wameshaniuliza tarehe hizo hizo, wawili kati yao wanakwenda Moshi, unawajua Wachaga na Desemba. Kwa nyumba zote tatu bodaboda inanimalizia kama 10,000 kwa siku. Bado sijawajibu.

Rafiki yangu ananiambia nimtoze huyo mama milioni. Mama yangu mzazi yuko upande mwingine. Sisi ni Waislamu wa Tanga, na hii kazi ya mbwa tangu mwanzo haijampendeza, kila nikienda nyumbani ananiuliza kama nimejitoharisha kwa udongo. Lakini kwa hili anasema yule mama ndiye aliyenifungulia riziki, niende hata kwa nauli tu, tena Krismasi si sikukuu yetu, sina ninachopoteza.

Ninachoogopa ni yaliyonikuta Bagamoyo kwa mteja mwingine. Tulikubaliana siku nne, wakarudi baada ya siku sita, na zile mbili hawakunilipa. Niliambiwa, "Si ulikuwa unakula na kulala?"

Nimtoze kiasi gani bila kuonekana nina tamaa? Na nauli iingie ndani ya bei au ikae kando?

Mwangalizi, Mwananyamala

*

Marahaba mwanangu, na mama msalimie.

Nianze na kitanda na friji, maana vimepenyezwa kwenye malipo yako bila mtu kuvihesabu. Ukilala Morogoro siku kumi na mbili, mwenye nyumba wako wa Mwananyamala hakusamehi kodi. Kile kitanda hakikuokolei senti. Kulala pale ndiyo kazi yenyewe uliyoitiwa, kwa sababu wangetaka mtu wa kuja asubuhi na jioni wangempata mtaani kwao. Chakula ni habari nyingine, hicho kweli kinakuokolea kitu. Ukila mchana kwa mama ntilie na jioni ukajipikia, tuseme 5,000 kwa siku. Hiyo tutamtolea, ni haki yake.

Watu wa kazi kama yako wakiitwa mbali huchukua bei ya nyumbani, wakabandika nauli juu, wakaona wamemaliza. Nauli ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Safari inakula siku zako. Dar unauza asubuhi na jioni yako kwa watu watatu kwa mpigo. Morogoro utauza siku nzima, usiku na mchana, kwa mtu mmoja. Huyo mmoja akikulipa kama mmoja wa wale watatu, wengine wawili umemlipia wewe.

Sasa chukua kalamu. Nyumba tatu kwa 20,000 ni 60,000. Toa bodaboda 10,000, inabaki 50,000. Toa ile 5,000 ya chakula, inabaki 45,000. Kwa kiasi hicho, kwenda Morogoro au kubaki Dar kunakuwa sawasawa mfukoni mwako. Ipime na kwa njia ya pili: mteja wa Dar akitaka ulale anakupa 35,000 na mchana anakuachia. Huyu anauchukua na mchana. Kumwongezea 10,000 kwa ajili ya mchana mzima, nusu ya unachomtoza mteja mmoja wa kawaida, kuna tamaa gani hapo?

Kwa hiyo 45,000 kwa usiku. Toka tarehe 21 hadi usiku wa tarehe mosi ni usiku 12, jumla 540,000. Ila kazi yenyewe inakushika usiku 14. Lazima ufike tarehe 20, mama akuonyeshe mwenyewe yule paka anavyomeza dawa, kwa sababu paka mzee anayetema kidonge nyuma ya kochi haelezeki kwenye simu. Na wakirudi jioni ya tarehe 2, huna sababu ya kuondoka usiku, utaondoka tarehe 3. Siku hizo mbili za njiani ziandikie 20,000 kila moja. Ni 40,000.

Nauli iweke kando kabisa, kwa gharama halisi, usiongeze hata mia. SGR ilipoanza safari za Dar na Morogoro Juni 2024, nauli ya treni ya kawaida ilitangazwa kuwa 13,000, hivyo kwenda na kurudi ni 26,000. Angalia ya sasa kabla ya kumwandikia. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje kidogo ya mji, kwa hiyo kuna bodaboda au bajaji huko na huku. Weka 20,000 kwa vipande vyote vinne vya njia. Nauli inakuwa 46,000. Ikikaa kando, hakuna atakayekuuliza unafanyia nini faida ya usafiri, na yeye anabaki na hiari ya kuipunguza: akiwa na gari linalokuja Dar tarehe 20 akakuchukua, nusu ya nauli imefutika na kazi yako haijaguswa. Tiketi akate yeye, kwa jina lako, na akate mapema. Wiki ya Krismasi ukikosa treni utakwenda kugombania basi Stendi ya Magufuli, na barabara ile hadi Chalinze utagawana na magari mengi ya hao hao wateja wako wa Moshi.

Jumla ni 626,000. Yeye alikuwa na 240,000 kichwani. Mtu ataguna, na afadhali ujue mguno unatoka wapi. Mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri, Amri ya Mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimwekea kima cha chini cha 60,000 kwa mwezi, na nyumba nyingi bado zinapimia hapo kila kazi inayofanyika ndani ya geti. (Kiasi hicho ni aibu, ila hiyo ni barua ya mtu mwingine.) Akikulinganisha na dada wa kazi, mjibu kwa upole kwamba dada ana mshahara Januari, Februari na Machi. Wewe tarehe 3 Januari umemaliza, unaanza kutafuta upya.

Lakini nikuambie na upande wake. Ana haki ya kutafuta mtu wa pale pale. Morogoro ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, wanakofundisha udaktari wa mifugo. Mwanafunzi wa mwaka wa nne asiyerudi kwao sikukuu anaweza kuifanya kazi hii kwa nusu ya bei yako, na kidonge cha paka hakitamshinda. Usiende kwenye mazungumzo ukidhani hana pa kwenda. Anachonunua kwako ni kwamba mbwa wale hawatashinda getini siku tatu wakigoma kula, na kwamba yeye Mbeya atalala usingizi. Hicho kina thamani, na ni yeye aliyesema hataki mtu mwingine. Akiona thamani hiyo haifikii 626,000, hajakutukana. Mshauri hata wewe: uende siku mbili, umfundishe huyo mwanafunzi kazi na wanyama wakiwa wanakuona, ulipwe siku mbili na nauli, urudi kwa wateja wako.

Mama yako ana hoja moja dhaifu na moja nzito. Dhaifu ni ile ya sikukuu. Krismasi si yako, sawa, lakini wateja wako ndio wa Krismasi. Nzito ni ya fadhila, na mimi hiyo siipuuzi, mtu aliyekuanzisha hatozwi kila kitu mpaka senti ya mwisho. Ila fadhila ukiificha ndani ya bei, haionekani, na mwakani itageuka kuwa bei yako. Andika bei kamili, kisha chini yake andika unachomsamehe. Mimi ningemsamehe zile siku mbili za njiani, 40,000, na ningetaja kwa nini. Inabaki 586,000, na kila mtu anajua kimetoka nini.

Bei hii pia ni ya Desemba. Akikuita mwezi wa nne, masika imekolea, una nyumba moja au huna kabisa, hesabu ile ile itakupa kiasi kingine. Hapo 35,000 yako ya kawaida inatosha, na hata 30,000 ukiamua. Mbwa ni wale wale na nyumba ni ile ile, ila siku zako siyo zile zile. Mwambie mapema kwamba bei inategemea msimu, asije akadhani umemkomoa Desemba.

Hapa sasa nataka utulie kidogo, kwa sababu kuna kitu hujaniuliza. Wale watatu wa Dar ndio watakaokuita Februari, Juni na Agosti. Huyu wa Morogoro atakuita mara moja au mbili kwa mwaka. Ukiwaacha watatu solemba wiki ya sikukuu, mmoja akapata mtu mwingine na akampenda, hasara yake haimo kwenye ile 45,000. Kwa hiyo usiwaweke roho juu. Kama una mwenzako unayemwamini, mpeleke wewe mwenyewe kwenye kila nyumba, mwenye nyumba akiwepo, mbwa wamnuse, na malipo yaende kwake moja kwa moja. Wala usikate cha juu, safari hii unanunua nafasi yako ya kurudi. Kama huna mwenzako wa namna hiyo, mimi ningebaki Dar hata kwa 45,000. Hapo mimi na rafiki yako wa milioni tunaachana kabisa: yeye anatazama bei ya safari moja.

Bustani mwagilia, ni dakika ishirini na mbwa watakufuata nyuma. Fundi simpendi. Utakuwa msichana peke yako kwenye nyumba isiyo yako, unamfungulia geti mwanamume usiyemjua, na tanki likipasuka utaulizwa wewe. Fundi asubiri wenyewe warudi, au aje siku ambayo ndugu yao atakuwepo. Uliza pia nani mwingine ana funguo, kama kuna mlinzi wa usiku na jina lake nani, na kama kuna shemeji anayependa kupitia bila taarifa. Dar nyumba hizi unazijua, kule huzijui. Jibu likikutia wasiwasi, hakuna bei itakayolifuta.

Omba picha za kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa kabla hujapanda treni, na tarehe ziwe za ndani ya mwaka. Umeshaishi na mbwa hao, najua, lakini wamehama, na hujui wamegombana na mbwa gani wa huko. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kuona. Gharama ya sindano ni ya mwenye mbwa, na hilo lisemwe sasa. Upande wa wanyama, akuachie 100,000 ya dharura kwenye simu yako, utakayomrudishia na risiti. Hospitali ya wanyama ya SUA iko huko huko, kwa hiyo huna udhuru wa kukaa na mnyama mgonjwa. Mkubaliane tu unaruhusiwa kutumia kiasi gani kabla ya kumpata kwenye simu, maana akiwa barabarani huenda asipatikane. Mkesha wa mwaka mpya hutoki. Kabla ya saa sita usiku mbwa wawe ndani, madirisha yamefungwa, redio imewashwa. Mbwa aliyeshtushwa na fataki anaruka ukuta ambao hajawahi kuuruka.

Wale wa Bagamoyo walikula siku zako mbili kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa siku ya tano inagharimu nini. Safari hii iandikwe. Mkataba wa wakili hauhitajiki, ujumbe wa WhatsApp uliojibiwa "sawa" unatosha. Mtumie kitu kama hiki:

"Shikamoo mama. Nashukuru kwa kunikumbuka. Kwa Desemba nitatoza 45,000 kwa usiku, usiku 12, yaani 540,000, kwa sababu nitakuwa nimeacha nyumba zangu za Dar. Siku mbili za njiani, tarehe 20 na 3, huwa natoza 40,000, hizo nimekusamehe kwa kuwa ninyi ndio wateja wangu wa kwanza. Nauli ni 46,000, au tiketi mnikatie wenyewe na mnitumie ya bodaboda tu. Naomba nusu ya malipo na nauli kabla ya tarehe 10 Desemba, nyingine siku mtakayorudi. Mkichelewa, kila usiku ni 45,000 na naomba unijulishe siku moja kabla. Mkighairi baada ya tarehe 14, ile nusu hairudi maana wateja wengine nitakuwa nimeshawakatalia. Fundi naomba aje mkiwepo. Nasubiri jibu lako hadi Ijumaa."

Akituma, atume na ya kutolea. Ukiidharau hiyo, kwenye laki tano na kitu inauma.

Atapunguza bei, ndiyo desturi, na wewe uwe umeshajua utaachia nini. Usishushe bei huku kazi ikibaki vile vile. Akitaka 40,000, muulize kama una ruhusa ya kuangalia mnyama wa jirani mmoja hapo mtaani, mara moja kwa siku. Kama Morogoro kuna geti la pili lenye mbwa na wenyewe wamesafiri, ile tofauti utaipata bila kumkamua yeye. Akikataa hilo na bado anataka 40,000, basi bustani itoke. Chini ya 35,000 usiende, hiyo ndiyo bei unayolipwa kulala mtaa wa pili na mchana wako ukiwa mkononi. Akishikilia 20,000 mpaka Ijumaa, mtakie safari njema ya Mbeya, mpe namba ya mtu wa kumuulizia pale SUA kama unayo, na jioni hiyo hiyo wapigie watu wako wa Moshi kabla hawajampata mwingine.

Shangazi